Kochi Aliyegeuza Mgongo

Mtakatifu hakuwa, na ni heri niliseme hilo mapema kabla hamjaanza kumwashia mishumaa. Kochi wetu wa mtaa wa Ndosho, yaani kocha wa mpira wa watoto, alikuwa mwizi wa dama. Mbele ya nyumba yake, kando ya cherehani, palikuwa na ubao wa dama uliochorwa kwa mkaa, na kete zake zilikuwa vifuniko vya chupa, vya bia upande mmoja na vya soda upande mwingine. Ukigeuka kumsalimia mpita njia, ukirudisha macho ubaoni unakuta kifuniko chako kimoja hakipo, na Kochi yuko kwenye cherehani anakanyaga kwa bidii kama mtu mwenye nguo ya bibi harusi. Ukimuuliza, anakasirika. Ukimshinda, anasingizia jua, au wewe uliyemwongelesha. Majirani walimrudishia methali yake mwenyewe, ile aliyowaimbia watoto wetu kila Jumamosi, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Alijibu kwamba methali hiyo ni ya mpira, haijafika kwenye dama.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kushinda bila kutukana na kushindwa bila kununa. Haya, nendeni mkaelewe. Mimi niliyetenganishwa naye na ukuta mmoja wa mawe kwa miaka mingi sijaelewa bado, lakini najivunia kwamba nilimjua, na leo nataka kumsema.

Jina alikuwa nalo, ila halikutumika. Mke wake alimwita Kochi, padri alimwita Kochi, na hata askari waliopita kuomba maji walimwita Kochi kabla hawajaambiwa. Alikuwa mfupi, miguu yake ya matege, na kichwani hakukosa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Jezi za timu yetu alizishona mwenyewe kutoka mapazia ya zamani, kwa hiyo watoto wetu walicheza na maua kifuani, na watoto wa mitaa mingine waliwaita bustani. Yeye alisema vizuri, bustani ikikufunga utasema nini nyumbani?

Sauti hakuwa nayo. Makocha wengine wa mji huu ukiwasikia utadhani nyumba inaungua. Kochi akikasirika, sauti ilishuka badala ya kupanda, mpaka watoto walazimike kumsogelea ili wasikie jinsi wanavyogombezwa. Mara nyingi nimewaona wamemzunguka vichwa vimeinama, na ukisogea usikilize, unakuta anawaambia mambo ya kawaida kabisa, kwamba aliyeanguka huinuliwa na aliyemwangusha, si na mtu mwingine.

Ninyi ambao hamjafika Goma, jueni kwamba ardhi yetu ni mawe. Mlima ulitema moto ukashuka mpaka ndani ya mji, na sisi tunajenga, tunapika na kucheza juu ya ule moto uliopoa. Tereni yetu, yaani uwanja, ilikuwa nyeusi mwanzo hadi mwisho. Ukianguka vibaya, ngozi ya goti inabaki pale na wewe unaenda nyumbani. Hata ukiokota mawe leo, kesho mengine yamechomoza, sijui yanatoka wapi. Ndipo Kochi akaweka desturi yake, ambayo sijaisikia mahali pengine. Kabla ya mechi, timu zote mbili huokota mawe, lakini hakuna anayeokota upande wake. Unasafisha pale ambapo mwenzako ataanguka. Kipa wetu anasafisha lango la kipa wao, na kipa wao analisafisha letu. Mapumzikoni wanabadili upande na kuanza upya.

Siku moja walikuja watoto wa mtaa fulani, sitautaja, wakatuachia mawe makali langoni makusudi. Wetu wakataka kufanya vilevile. Nilikuwa pale na beseni langu la sambaza, wale dagaa wa ziwa letu ninaowauza, na niwaambie ukweli, nilikuwa upande wa watoto. Kochi akawaambia waende wakasafishe lango la wageni mara ya pili, na wafagie. Wakafagia wakinung'unika, kwa matawi ya mikaratusi. Wageni wakasimama wakitazama. Kisha kipa wao, mtoto mnene mwenye aibu, akaondoka peke yake akaja kuinama kwenye lango letu, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Kochi alikuwa akivuta uzi uliochomoka kwenye jezi ya mtu.

Kwa wazazi alikuwa mkali kuliko kwa watoto. Alisema mtoto hazaliwi akimtukana mwamuzi, anafundishwa na mtu aliyesimama pembeni na mwavuli. Sheria ilikuwa moja: mzazi akitukana, mapumzikoni anaingia tereni kuokota mawe, mbele ya watu wote. Nimemwona mchungaji akiokota. Nimemwona askari polisi, sare na buti, akiokota huku mtoto wake amejifunika uso kwa jezi.

Na mimi nimeokota, msicheke. Ilikuwa Jumapili, nimetoka misa, nimevaa kitenge kipya. Mwamuzi alikuwa kijana mmoja wa chuo, na alipokataa goli la mwanangu nikamwambia kwa sauti ya sokoni kwamba macho yake ameyasahau tumboni mwa mama yake. Mapumzikoni Kochi akaja taratibu.

"Mama Muhindo," akasema, "kuya uokote majiwe."

Nikamwambia mimi ni mtu mzima, nimezaa. Akasema anajua, na kwamba mechi itasubiri. Watoto wote wakakaa chini wakanitazama, na wangu akiwa mmojawapo. Basi nikaingia, nikainama na kitenge changu, nikaokota, na watu wakapiga makofi kama naolewa. Nikiinuka, upindo ukanasa kwenye jiwe ukachanika. Jioni ile Kochi alipitisha mkono juu ya ukuta, akaomba kitenge, akakirudisha kesho yake kimeshonwa hata usione palipochanika. Hatukuongea habari ile tena.

Huyo Muhindo ni mwanangu, na sasa lazima niwaeleze habari yake, maana ndiyo iliyonifunga na Kochi. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mguu wa kushoto wa ajabu. Baba yake alikuwa amekwama Butembo na bidhaa zake, barabara imefungwa kwa vita, na mimi niko Goma peke yangu na watoto. Wakati ule mtoto wa kiume mwenye urefu ule alikuwa mzigo wa moyo. Milimani walikuwa wakiwachukua kuwapa bunduki. Mjini walikuwa wakipotea wakienda kuchota maji. Kila jioni ikikaribia nilikuwa nasimama mlangoni mpaka nione kichwa chake kinakuja. Nilikuwa na ombi moja kwa Mungu, sikumsumbua kwa mengine: huyu aondoke hapa kabla vita haijamwona.

Njia ikaonekana. Kule Lubumbashi, ambako hatukusikia habari za risasi, kulikuwa na shule ya mpira iliyowachukua watoto, ikawalaza, ikawasomesha. Kochi ndiye aliyemtafuta mtu wa shule ile. Alimpigia simu, akamtumia salamu kupitia kwa ndugu wa ndugu, akambembeleza mpaka yule bwana akakubali kuja kutazama mashindano ya likizo ya mtaa wetu. Mke wa Kochi aliniambia kwamba usiku alikuwa akimtaja Muhindo kwenye sala kabla ya watoto wake mwenyewe, na alisema hivyo akiwa na wivu kidogo. Kwa hiyo msije mkafikiri hakumpenda. Alimpenda, na alijua ninachokitaka, kwa sababu nilimwambia mchana kweupe, juu ya ukuta, huku nalia.

Sasa tazameni alivyofanya. Mwaka ule kambi za waliokimbia vita zilikuwa zimejaa nje ya mji, watu wametoka Masisi na Rutshuru wamebeba magodoro na kuku. Kochi akaenda kambini akarudi na timu. Akasema nao watacheza mashindano. Mtaa ukawaka. Wengine wakasema wale wataleta magonjwa, wengine wataleta ugomvi, na wengine, bila kuona haya, wakauliza ni watu wa lugha gani. Kochi akajibu kwamba amewapima, kumi na mmoja, wanatosha.

Viatu hawakuwa navyo. Watoto wa Keshero, ambao wazazi wao wana nyumba za kuelekea ziwani, walikuwa na viatu vya meno vinavyong'aa, na walikuwa wamepangiwa kucheza na kambi mechi ya kwanza. Kochi akaweka sheria mpya palepale: timu moja ikikosa viatu, zote mbili zinavua. Mama mmoja wa Keshero akamwambia ana wazimu, juu ya mawe haya. Akamwambia ndiyo, mama, kwa hiyo leo waokote vizuri. Sijawahi kuona tereni ikisafishwa namna ile. Waliokota mpaka changarawe. Kambi wakashinda, na wale wa Keshero wakaondoka wamebeba viatu mkononi, wamekasirika, lakini miguu mizima.

Jambo la lugha halikuisha kwa maneno. Katika mechi nyingine mwanamume mmoja pembeni, mtu mzima, mwenye mvi, alianza kumwita winga wa kambi majina yale ambayo mji huu unayajua na ambayo siyarudii. Mtoto yule wazazi wake walikuwa wa Rutshuru, wanazungumza Kinyarwanda, na alikuwa amekimbia vita ileile tuliyokuwa tukiiogopa sisi. Akasimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia. Kochi akaingia, akachukua mpira, akauweka chini, akaukalia. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya mwisho. Akaulizwa unafanya nini, akasema amechoka, anapumzika, mechi itaendelea yule muzee akishaokota mawe. Yule bwana akaapa haokoti. Mvua ikaja, mvua yetu ile isiyo na heshima, watu wakakimbilia chini ya mabati, na Kochi amekaa tu juu ya mpira, kofia ya sufu inachuruzika. Watoto wa timu zote mbili wakamzunguka wakasimama naye. Mwishowe mtoto wa yule bwana mwenyewe alitoka chini ya bati akaanza kuokota badala ya baba yake. Hapo baba akashindwa kuvumilia, akaingia.

Mkiona hivyo mtafikiri mtu huyu hakuwa na doa. Njooni basi siku redio inapotangaza mechi ya timu kubwa aliyoishabikia. Alimtukana mwamuzi wa redioni, mtu asiyemwona, mpaka mke wake afunge dirisha. Niliwahi kumpitishia jiwe juu ya ukuta, moja tu. Akalipokea, akaliweka juu ya redio, akaendelea kutukana.

Kitu alichokipenda kuliko vyote, kupita hata mawe, ni mkono. Alisema mwamuzi ana macho mawili na mpira una watoto ishirini na wawili, kwa hiyo hawezi kuona yote. Anayejua kosa ni aliyelifanya. Kwa hiyo katika timu yake mtoto aliyeugusa mpira kwa mkono, au aliyemkanyaga mwenzake bila kuonekana, alinyanyua mkono mwenyewe. Wageni walipoona mara ya kwanza walicheka. Mwamuzi mmoja alikasirika, akadhani anafundishwa kazi. Watoto wetu walipoteza magoli kwa desturi hiyo, na baadhi ya wazazi wakahamisha watoto wao kwenda timu za wenye akili, walivyosema. Muhindo alibaki. Nilimwambia ahame, akakataa.

Ikafika fainali. Sisi na kambi. Bado naiona tereni ile, watu wamejaa mpaka juu ya kuta, na yule bwana wa Lubumbashi amekaa kwenye kiti cha plastiki na kofia nyeupe. Miguu peku wote. Kambi wakatangulia kufunga, sisi tukarudisha. Muda ulikuwa unakwisha, mwamuzi ameshaanza kutazama saa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya lango la kambi, beseni nimeliacha kwa jirani, siwezi kuuza.

Krosi ikaja kutoka kushoto. Muhindo akaruka pamoja na beki wao, wakagongana, na mpira ukaingia. Weee! Mtaa ulilipuka. Watu waliingia uwanjani, mtu akanikumbatia ambaye simjui mpaka leo. Bwana wa Lubumbashi alisimama kwenye kiti chake, kwa macho yangu nilimwona amesimama, akaongea na aliye kando yake huku akimwonyesha Muhindo kwa kidole.

Lakini mimi nilikuwa nyuma ya lango, karibu kuliko mwamuzi. Nilikuwa nimeona. Mpira ulimgonga kiganjani ndipo ukaingia.

Nikamtafuta Kochi. Nikamwona upande wa pili, mahali alipozoea kusimama, na nikaona anageuka. Aligeuka taratibu akaipa tereni mgongo, akawa anatazama ukuta, mawe matupu, mikono ameifunga nyuma. Wenzangu waliokuwa karibu walimwona pia akigeuka. Baadaye walisema ndiyo hekima ya mtu mzima: hakutaka mtoto anyanyue mkono kwa kumwogopa. Akamwachia aamue mwenyewe. Mtaa ulilipenda sana jambo hilo. Wamelisimulia miaka na miaka, mpaka kwenye harusi.

Muhindo naye alimtafuta kwa macho, akakuta mgongo. Kisha akanitazama mimi. Mimi ninayejulikana kwa kinywa, siku ile kinywa kilijifunga. Nikatazama chini.

Nilipoinua macho, mkono wake ulikuwa juu. Wenzake walikuwa wakimvuta, wakimshusha, na yeye anaunyanyua tena. Akaenda mpaka kwa mwamuzi.

"Ni mukono," akamwambia. "Mupira ilinigusa ku mukono."

Mwamuzi akalifuta goli. Mtaa ukaguna, halafu watoto wa kambi, sijui nani alianza, wakapiga makofi, na mama zao nyuma yao. Tukaenda kwenye penalti, tukashindwa. Kipa wa kambi alikuwa wa kwanza kuja kumkumbatia Muhindo.

Na bwana wa Lubumbashi? Alimchagua mtoto mmoja wa Keshero, ambaye timu yake ilikuwa imetolewa mechi ya kwanza. Mmoja tu. Akapanda gari akaenda zake. Sijui kama ni kwa ajili ya lile goli, sijui kama angemchukua Muhindo au la, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi siku ile nilifurahi na kukasirika kwa pamoja, na hasira ilishika nafasi kubwa. Nilimpikia mwanangu sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, nikamwekea kipande cha katikati. Kochi nilimnunia. Salamu nilimpa, maana jirani ni jirani, lakini mazungumzo ya juu ya ukuta yaliisha. Niliona kwamba ameniuzia mtoto wangu kwa ajili ya somo. Kwamba amesimama pale, mgongo umenyooka, anafundisha, wakati mimi nina mtoto wa kuokoa. Alijua nilivyolia. Angeweza kumtazama, angeweza hata kumkonyeza tu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na niliendelea kufikiri hivyo kwa muda mrefu.

Muhindo, Mungu ashukuriwe, vita haikumchukua. Kwa nini yeye na si wengine, hilo silijui, na sipendi kuwasikia wanaojifanya wanalijua. Leo ni fundi wa pikipiki hapahapa Ndosho. Wenye pikipiki wanamwachia funguo wanaenda zao bila kumsimamia, na katika mji huu, kwa kazi ile, mimi sijui sifa kubwa kuliko hiyo. Nikipita pale nikaona vijana wanamwachia pikipiki nzima na kuondoka bila kugeuka, najinyoosha kidogo. Ana mke, ana watoto wawili.

Kisha vita ikaingia mjini kwenyewe. Sitaeleza siku zile, wengi mlikuwepo. Kochi na mke wake walihamia kwa binti yao Keshero, nyumba yao ilitobolewa na risasi. Kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mji ukapata mabwana wapya, na sisi tukabaki tunatafuta maji, kwa sababu mabomba yalikauka.

Ndipo nilipoonana naye. Nilikuwa nimeshuka soko la Kituku, kando ya ziwa, kutafuta sambaza, hakuna, wavuvi walikuwa hawatoki vizuri, kwa hiyo nikaamua nisirudi mikono mitupu, nikaenda Keshero ufukweni kujaza bidoni, dumu langu la maji. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya maji, bidoni lake dogo limejaa, anangoja mjukuu amsaidie kulibeba. Alikuwa ameisha. Kofia ya sufu ilikuwa imekuwa kubwa kuliko kichwa. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za nyumbani, akaniuliza za Muhindo, nikamwambia ni mzima. Akasema anajua, alimpelekea baiskeli ya mjukuu akaitengeneza.

Nikakaa. Sijui ni uzee, sijui ni zile siku zilizokuwa zimetuondolea adabu za kufichana. Nikamuuliza lile swali nililolibeba: siku ile ya fainali, aliuona ule mkono?

"Nilionaka, Mama Muhindo," akasema. "Nilionaka muzuri kabisa."

Nikamuuliza, basi kwa nini uligeuka? Nikamwambia watu wanavyosema, kwamba alitaka mtoto aamue bila woga, na kwamba mimi nimemkasirikia kwa hekima hiyo muda wote huu. Akatingisha kichwa. Sauti yake ikashuka kama zamani, ikanibidi nimsogelee.

"Hekima gani, mama. Nilitaka aende. Batoto wenye vita ilibeba ni wengi, nilikuwa najua majina yao moja moja. Miaka yote nilimufundisha anyanyue mukono, na ile siku niliomba Mungu asiunyanyue. Nikageuka ili asione uso yangu. Kama angenyamaza, na miye ningenyamaza."

Maji yalikuwa yakigonga mawe, wanawake wanajaza mabidoni yao wakigombana kidogo. Nikahesabu moyoni watu waliokuwa wamejaa tereni siku ile, watu wazima, wenye mvi, wachungaji na maaskari na mimi na yeye.

"Na miye niliona, Kochi," nikamwambia. "Niliona, nikatazama chini."

Akageuka akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile kidogo cha mtu aliyekamatwa na kifuniko cha dama mkononi, na mimi nikacheka mpaka nikashika ubavu, na wale wanawake wakaacha ugomvi wao kututazama.

"Mutoto alitupita wote wawili," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Kochi, alitupita. Tukabaki pale juu ya jiwe, mimi na yeye, tumeshindwa na mtoto wa miaka kumi na minne, na sijawahi maishani kufurahia kushindwa namna ile.